Rangi ya Mgeni

Boila ilikuwa imetoka kiwandani bila kupitia mlangoni. Alhamisi, saa moja na dakika kumi asubuhi, ilipasuka kisogo, lile bamba lake la nyuma, ikaruka mbele, ikatoboa ukuta wa matofali na kwenda kulala kwenye shamba la mahindi la jirani, hatua sitini kutoka mahali ilipokuwa imefungwa kwa boliti. Njiani ilimkuta Chepkemoi, mama wa watoto wanne, akiosha mikebe ya maziwa. Leo ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, na watu wa Kibomet, pembeni mwa Kitale, walikuwa bado wanapita kando ya ua kwa sauti za chini, kama wapitao mbele ya nyumba yenye msiba.

Inspekta Nakhumicha wa upelelezi alisimama kwenye matuta huku matope yakimpanda viatu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo ambao wakubwa wake waliuogopa kuliko bastola yake. Faili aliyoishika ilikuwa nyembamba, na ilikuwa na mshukiwa tayari: Wabwile, mwendeshaji wa boila, aliyewekwa seli tangu Alhamisi jioni. Meneja wa kiwanda, Gladwell, aliandikisha taarifa kwamba Wabwile alisinzia, akaacha maji yakauke ndani ya boila moto ukiwaka. Jumatatu angefikishwa kortini kwa kusababisha kifo. Kesi rahisi, na Nakhumicha hakuwahi kuipenda kesi rahisi.

Ndiyo maana alikuwa amempigia simu Mzee Ubaid. Huyu alikagua mishono ya matangi na mabomba kuanzia Mombasa hadi Malaba kwa miaka thelathini na tisa, kisha akastaafu na kurudi nyumbani kwake karibu na msikiti, Bungoma mjini. Alifika na mfuko wa shule wa mjukuu wake. Ndani yake mlikuwa na tochi, kioo kidogo cha mpini kama cha daktari wa meno, kioo cha kukuzia, rula ya chuma, kisu na brashi ya waya.

"Hizo ndizo mashine zako, Mzee?"

"Mashine yangu ni jicho, mwanangu. Hivi vingine ni vya kulisaidia."

Alipiga magoti kwenye matope bila kujali kanzu yake, akaingiza kioo cha mpini kwenye tumbo la boila na kukielekezea mwanga. Aliangalia kwa muda mrefu. Nakhumicha alijizuia kumhimiza, na kwake hilo halikuwa jambo dogo.

"Nani alisema maji yalikauka?" hatimaye Ubaid aliuliza.

"Meneja."

"Basi hajawahi kuona boila iliyokauka. Chuma kikikosa maji na moto unawaka, hugeuka rangi. Huwa samawati, kama shingo ya njiwa. Mabomba ya ndani hulegea yakainama. Njoo uone haya. Yamenyooka, na rangi yao ni ya kawaida. Maji yalikuwemo."

Aliinuka, akaenda kwenye kingo za bamba pale kisogo kilipong'oka. Alizima tochi, akajiwekea kivuli kwa kofia yake, kisha akaiwasha tena akiilaza karibu iguse chuma, mwanga ukateleza juu yake. "Usimulike uso kwa uso," alisema. "Mwanga wa mbele unaficha. Wa ubavuni ndio unaosema."

Nakhumicha aliinama. Palipovunjika palikuwa na rangi mbili. Sehemu kubwa ilikuwa kijivu ing'aayo, mpya. Lakini kando ya mshono wa kuchomelea palikuwa na utepe wa kahawia, wenye kutu, uliopinda kama ukucha uliokatwa.

"Hii kijivu ni ya Alhamisi," Ubaid alisema. "Hii ya kahawia ni ya zamani. Ufa ulianzia ndani, ukala polepole, pengine mwaka mzima, mpaka ukatokeza nje hapa, urefu wa kiganja. Sasa chukua kioo. Angalia ukingo wa nje. Unaona nini?"

Chini ya kioo cha kukuzia, ndani ya ile kutu, palikuwa na uzi mwembamba wa fedha. Nakhumicha aliukwaruza kwa kucha na ukabanduka.

"Rangi," alisema.

"Rangi. Na rangi haiwezi kuingia kwenye ufa ambao haupo."

Nakhumicha aliinuka. Alifungua faili, akatoa cheti cha ukaguzi. Kilikuwa na wiki tatu tu. *Mabamba yote na mishono yote imekaguliwa kwa macho. Hakuna ufa.* Mkaguzi aliyetia sahihi aliitwa Gathii.

Ubaid alikisoma kwa mkono ulionyooshwa mbali, kama wazee wasomavyo, halafu akageuza karatasi na kuona cheti cha boila nyingine kilichobanwa nyuma yake. Uso wake ulibadilika.

"Hawa wana boila mbili?"

"Ya pili iko kiwanda chao cha Kanduyi, kule Bungoma. Kwa nini?"

"Mtengenezaji mmoja. Mwaka mmoja. Nambari zinafuatana. Hizi ni pacha, Nakhumicha. Na zilikaguliwa na mtu mmoja, hii Ijumaa, ile Jumamosi." Alimrudishia karatasi. "Ile ya Kanduyi inafanya kazi sasa?"

Nakhumicha alipiga simu papo hapo. Gladwell alikuwa huko Kanduyi tangu jana, na aliipokea yeye mwenyewe.

"Tulifunga siku mbili kwa heshima ya marehemu, Inspekta. Leo saa nane tunaanza kazi."

"Naomba msianze."

"Kuna maziwa ya wakulima hapa yatalala. Mimi niko na cheti ya ukaguzi. Wewe uko na nini?"

Nakhumicha alikuwa na uzi wa rangi uliobanduka kwa ukucha, tena kwenye boila nyingine. Alikata simu akamtukana mtu fulani kwa Kibukusu, na Ubaid akajifanya hakusikia.

*

Wabwile aliletwa kwenye chumba cha mahojiano cha kituo bila mkanda wala kamba za viatu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mabega mapana, macho mekundu ya mtu aliyekaa karibu na moto miaka kumi na sita. Alimsalimia Nakhumicha kwa Kibukusu, "Mulembe, mayi," kama anayemsalimia mgeni kwake, kisha akakaa pale alipoonyeshwa.

"Maji yalikauka, Wabwile?"

"Hapana, madam. Mimi naangalia maji kila dakika kumi. Kioo ya maji ilikuwa nusu. Hata nikiapa kwa kaburi ya baba."

"Najua. Chuma kimekutetea. Haikukauka."

Alitarajia kuona mabega ya Wabwile yakishuka. Hayakushuka. Alitazama viatu vyake vilivyolegea na Nakhumicha akafuata macho yake. Kwenye ngozi nyeusi palikuwa na matone ya rangi ya fedha.

"Nani alipaka ile boila?"

"Ni mimi."

"Nani alikutuma?"

"Madam Gladwell alisema mgeni wa kukagua anakuja, mashine ikae safi. Na mgeni akikuja si unapaka nyumba? Mama yangu kule Kimilili akisikia wageni wanakuja, anapaka ukuta yote upya, mpaka ya choo. Ni aibu mgeni akute kwako chafu." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa na uhai. "Nilipaka mara mbili. Ilikuwa inang'ara mpaka unajiona sura."

"Kabla hujapaka, uliona nini kwenye kisogo?"

Uhai ule ulizimika. "Kutu kidogo. Ya kawaida."

"Kutu tu?"

"Ya kawaida, madam."

Alikuwa anadanganya, na hakuwa na mazoezi ya kazi hiyo. Lakini saa ilikuwa inakimbia na Nakhumicha alitaka kumpata Gathii. Alifunga daftari. "Nitaandika kwamba maji yalikuwemo. Jumatatu hakimu hatakuwa na la kukushikia. Utaenda nyumbani."

Wabwile alisimama polepole. Mlangoni aligeuka, mkono wa Koplo Kabiru ukiwa begani pake. "Madam. Ile ya Kanduyi imewashwa?"

"Bado. Usijali, kazi yako haijapotea."

Hapo Nakhumicha alikosea. Alidhani mtu huyu anaulizia kibarua chake, na alikuwa ameshafika kwenye gari kabla ya kuanza kujiuliza kwa nini swali lile lilimkwama.

*

Gathii walimkuta nyumbani kwake akimwagilia sukuma wiki. Hakukimbia, hakuomba wakili. Alivaa koti na kuingia gari la polisi kwa adabu zote, mtu mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni mwa shati. Dereva aliipita Kiminini mbio, akiteremka kuelekea Webuye, njia ya Kanduyi, na Nakhumicha akageuka kwenye kiti cha mbele.

"Ulitumia nini kukagua?"

"Macho. Huo ni ukaguzi wa macho."

"Macho yako yalikuwa umbali gani na mshono?" Ubaid aliuliza kutoka kiti cha nyuma, pembeni ya Gathii, kwa upole wa daktari anayeuliza panauma wapi.

Gathii alisita. "Karibu."

"Kanuni unaijua. Futi mbili, zisizidi. Pembe isilale mno. Mwanga wa kutosha kusoma gazeti lililofifia. Na chuma kiwe kitupu."

"Naijua, Mzee."

"Kisogo cha boila ya Kanduyi kimekaribiana na ukuta. Kukiona lazima upite kiubavu, tumbo ndani. Ulipita?"

Mashamba ya miwa yalipita dirishani. Gathii alitoa kalamu moja, akairudisha.

"Nitawaambia ukweli. Mimi sikuchukua hata senti. Muulize mtu yeyote. Nilifika Kanduyi saa nne, nikakuta wamenipangia viti. Wamefagia mpaka barabarani. Boila inang'aa. Kabla hata sijafungua mfuko, nikaitwa mezani. Walikuwa wamenichinjia kuku. Mnajua kwa hawa watu kuku ya mgeni ni kitu gani."

"Najua," alisema Nakhumicha, ambaye alikuwa Mbukusu, mmoja wa hao watu.

"Wakanipatia firigisi. Mimi, si meneja. Wote wakisimama wananiangalia nikikula, na yule jamaa aliyepaka, Wabwile, alikuwa amekuja kutoka Kitale kuwasaidia, anasimama kando ya mashine kama baba ya bibi arusi. Sasa, Inspekta, mtu amekuchinjia kuku, amekupa firigisi, amepaka rangi kwa sababu yako. Utoe kisu uanze kukwangua rangi yake? Ni kama kumwambia nyumba yako inanuka. Nilishindwa. Nilimulika tochi nikiwa mlangoni, nikaandika."

Nakhumicha alitaka kumchukia na hakuweza kumchukia sawasawa, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," Ubaid alisema taratibu. "Chepkemoi hakupona, ndugu yangu."

Gathii alifunika uso.

Ubaid aliinama mbele ghafla. "Nakhumicha. Ulisema wanaanza saa nane. Wanawasha moto saa nane, au wanataka mvuke saa nane?"

"Kuna tofauti gani?"

"Maji mengi yale yanataka masaa mawili kuchemka."

Nakhumicha aliangalia saa. Ilikuwa saa sita na nusu. Alipiga namba ya Gladwell mara tano mfululizo na simu iliita mpaka ikakata. Dereva hakuambiwa aongeze mwendo. Aliongeza mwenyewe.

*

Moshi waliuona kabla ya kuona kiwanda. Ulipanda wima juu ya mabati ya Kanduyi, mweupe, mwembamba, na nyuma ya kiwanda, uwanjani, watoto wa shule walikuwa kwenye michezo, wakishangilia goli. Getini pikapu za maziwa zilikuwa zimepanga foleni hadi barabarani.

Gladwell aliwapokea akiwa na kofia ya usalama ambayo haikuwa na hata mkwaruzo. Hakuwa mtu mbaya wa kutazama wala wa kusikiliza. Alikuwa mtu mwenye lita elfu tisa za maziwa na bosi Nairobi.

"Zima," alisema Nakhumicha.

"Kwa sababu gani?"

"Ile ya Kitale ilikuwa na ufa chini ya rangi."

"Ile ya Kitale. Hii imekaguliwa, na aliyeikagua umekuja naye." Gladwell alimtazama Gathii. "Ama sivyo?"

"Sikuikagua," alisema Gathii. Sauti yake ilikuwa ndogo mno. "Madam, sikuikagua."

"Leo unasema hivi, juzi ulitia sahihi. Nitaamini gani?" Gladwell alikuwa ameshashika simu. Alipiga kwa bosi wake. Bosi wake akapiga kwa mtu. Na baada ya dakika nne simu ya Nakhumicha ikaita, mkubwa wake akiwa Kitale.

"Nakhumicha, unataka maziwa ya watu imwagike kwa sababu ya mzee na tochi?"

"Afande, nataka moto uzimwe."

"Nionyeshe ufa. Uko na nusu saa. Usiponionyesha, utoke hapo uwaachie watu kazi yao."

Geji ya boila ilisoma shinikizo la bar mbili. Kazi ya kawaida ilikuwa bar saba. Kwenye chumba cha kupakia, upande wa pili wa ukuta wa tofali moja, wanawake ishirini na watatu walikuwa wakivaa aproni. Mmoja wao, Nasro, jirani yake Ubaid, alimuona kupitia dirishani akacheka. "Mzee! Umetoroka mke umekuja kunywa mtindi wetu?"

"Na wewe nitakusemea kwa mumeo kwamba unacheka na wazee," Ubaid alimjibu. Kisha tabasamu likamtoka na akamgeukia Nakhumicha. "Ule ukuta si kitu. Ule uliotobolewa kule Kitale ulikuwa mnene zaidi."

Nakhumicha aliingia chumba cha kupakia na kuwaambia wanawake watoke. Msimamizi akawaambia atakayetoka asirudi Jumatatu. Wakatazamana, na hakuna aliyetoka. Ufa ambao hakuna aliyeuona hauwezi kushindana na mshahara.

Ubaid alivua kanzu, akabaki na suruali na fulana, akapita kiubavu nyuma ya boila. Joto lilikuwa la tanuri. Nakhumicha alimfuata mpaka bega lake likagusa ukuta. Mbele yao kisogo kilikuwa duara kubwa la fedha, safi, lisilo na doa, na Nakhumicha hakuwahi kuona kitu kizuri kilichomtisha hivyo.

"Mshono unazunguka hivi," Ubaid alisema, akiufuata kwa mwanga. "Kama mita tano. Rangi ni ngumu, mara mbili. Shibiri moja, dakika tatu nne. Hesabu mwenyewe."

Hakuwa na haja ya kuhesabu. Mzee alikwangua juu kulia kwanza, kwa kuwa ule wa Kitale ulikuwa juu kulia. Brashi ilipiga kelele, vumbi la fedha likamjaa ndevuni. Dakika ya tano alisema "aa!" na Nakhumicha akasogea. Palikuwa na mstari mweusi kando ya mshono, urefu wa kidole. Gladwell, aliyekuwa akichungulia kutoka mwanya wa upande wa pili, aliingiza kichwa zaidi.

Ubaid aliweka kioo, akalaza tochi kulia, kisha kushoto, akapitisha ukucha. Akatikisa kichwa.

"Mkwaruzo wa grenda ya fundi. Umenyooka mno, una mwanzo na mwisho. Ufa hutembea kama mlevi anayerudi nyumbani."

"Sasa umeona," Gladwell alisema, na katika sauti yake palikuwa na mtu aliyepumua.

Geji ilisoma bar tatu. Dakika kumi na nane zilikuwa zimebaki. Ubaid alipangusa jasho machoni kwa kiganja cheusi. "Nakhumicha, nitakwangua mpaka mwisho, lakini nakwambia ukweli, tunabahatisha. Nahitaji kujua pa kuanzia."

Hapo ndipo swali lililomkwama tangu Kitale lilipofunguka. *Ile ya Kanduyi imewashwa?* Mtu mwenye kesi ya kifo shingoni haulizi habari ya boila nyingine ila anajua kitu. Wabwile alikuja huku. Wabwile aliipaka hii kwa mkono wake, shibiri kwa shibiri, na mtu apakaye rangi kwa upendo huona kila kitu anachokifunika.

Alimpigia Koplo Kabiru. "Mtoe Wabwile seli. Mpe simu. Haraka."

Alingoja akisikia viatu, funguo, chuma kugonga chuma. Kisha pumzi.

"Wabwile, ni Nakhumicha. Niko Kanduyi nyuma ya boila. Imewashwa. Iko bar tatu na inapanda."

Kwa mbali, uwanjani, filimbi ililia.

Nakhumicha alitaka kuuliza swali moja tu na kulipata jibu. Lakini alikuwa polisi, na kuna maneno ambayo polisi lazima ayaseme kabla, hata yakiwa ya kumfungia mlango yeye mwenyewe.

"Sikiza kwanza. Sina ushahidi wowote juu yako. Jumatatu unarudi kwa watoto wako. Ukiniambia sasa kwamba uliona ufa ukaupaka rangi, nitaandika, itasomwa kortini, na kifo cha Chepkemoi kitakuangukia. Unaweza kufungwa. Hulazimishwi kusema kitu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi sema au nyamaza, lakini amua."

Ubaid aliendelea kukwangua, kwa kuwa hakuna kingine alichoweza kufanya. Mabati juu yao yalianza kualika kwa joto, moja baada ya jingine, na Nakhumicha aliogopa, aliogopa kama mtoto, akiwa na tumbo la chuma linalochemka kwa hatua moja kutoka kifua chake.

"Kuna watu ndani?" Wabwile aliuliza.

"Ishirini na watatu. Wanapakia."

Akashusha pumzi. "Ya Kitale niliona chozi. Mstari mweupe, kama chumvi, inatoka kwa mshono. Niliambia Madam Gladwell. Akasema hiyo ni maji ya kuosha, nipake, mgeni asikute aibu. Nikapaka. Nilijua si maji ya kuosha." Sauti ilikatika, ikarudi. "Nilipokuja hapo Kanduyi nikapata ingine. Hii sikuambia mtu. Nilisema, kama nimeificha ile, nitasema hii aje? Na kuku ilikuwa imeshachinjwa."

"Wapi, Wabwile?"

"Chini. Kuna bomba ya kutoa uchafu. Kushoto yake, panda shibiri mbili. Hapo nilipaka mara tatu."

Ubaid alikuwa ameshapiga magoti. Hakutumia brashi, alitumia kisu, akabandua tabaka la kwanza, la pili, la tatu, kama anayemenya kitunguu. Kisha akalaza tochi.

Hawakuhitaji kioo cha kukuzia. Mstari ulitembea kando ya mshono ukiyumba huku na huku, mweupe kingoni. Walipokuwa wakiutazama, tone moja la maji lilitokeza katikati, likachemka, likakauka. Likatokeza jingine. Ubaid aliweka rula. Ilifika sentimita kumi na tisa na ufa ulikuwa bado unaingia chini ya rangi ambayo hawajaibandua.

"Toa watu," alisema kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. "Na kuni zitolewe. Wasimwage maji, wasifungue wala kufunga vali yoyote kwa pupa. Ipoe yenyewe."

Nakhumicha alipiga picha moja na kuituma kwa mkubwa wake bila neno hata moja. Kisha alitoka kwenye mwanya ule akipiga yowe, na safari hii hakuna msimamizi aliyemzuia, kwa sababu Gladwell mwenyewe alikuwa mbele yake akikimbia, kofia imeanguka, akiwasukuma wanawake mgongoni: "Tokeni! Tokeni nje, wacha mikebe!" Nasro alitoka na kiatu kimoja. Wapakuaji waliacha pikapu milango wazi. Gathii alishika reki ya chuma na kuanza kuvuta magogo yanayowaka kutoka tanuruni, na ilibidi mtu amnyang'anye baadaye, viganja vikiwa vimebabuka.

Walisimama wote barabarani, wakitazama mabati. Sindano ya geji, alisema wa mwisho kutoka, ilikuwa imegusa tatu na nusu, ikasimama pale. Dakika kumi. Dakika ishirini. Moshi ulipungua ukawa uzi, kisha ukaisha.

"Nilidhani ni maji ya kuosha," Gladwell alisema. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Utayasema hayo Kitale," Nakhumicha alimwambia. "Panda gari."

Ni wakati huo alipogundua kwamba simu ilikuwa bado mkononi mwake, na bado inahesabu dakika. Aliiweka sikioni.

"Wabwile?"

"Niko, madam."

"Ufa umepatikana. Pale pale uliposema."

"Watu wametoka?"

"Wote."

Alimsikia akilia, kilio cha mtu mzima, kinachojaribu kukaa kimya na kushindwa. Alimngoja. Alimshukuru, akijua maneno yale yalikuwa yanamfikisha Wabwile wapi.

"Andika yote, madam," Wabwile alisema. "Nisirudie tena."

"Nitaandika. Mpe Koplo simu."

Kabiru alikuja. "Afande?"

"Yule mtu haendi nyumbani Jumatatu," alisema Nakhumicha. "Badilisha shtaka. Kusababisha kifo, kwa kuficha ufa." Alimwona Nasro kando ya barabara akitafuta kiatu chake cha pili, akicheka na kutetemeka kwa pamoja. "Mpatie chai kwanza, Kabiru. Iwe na maziwa. Halafu umrudishe ndani."